Dada wa Jiko Jeupe Alikwenda Wapi?

Bwana asifiwe, wapendwa! Wale wa benchi za nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe tena! Ameni, sasa nimewasikia.

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana wa kwaya, na wageni mliopanda mlima kuja kusali nasi, nawasalimu wote. Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni Yunisi, mke wa Zakayo wa mtaa wa juu, na wengi wenu mnanijua. Niseme jambo moja mapema ili tusichoshane. Tangu nilipoinuka pale nilipokaa, naona macho ya watu yamekwenda moja kwa moja kwenye tumbo langu, na kuna mama mmoja hapa mbele ameshaanza kuandaa kigelegele. Mama, kiweke kwanza. Hakuna mtoto. Mgongoni sijabeba na tumboni sijabeba. Ushuhuda ninao, lakini siyo ule mnaousubiri.

Tena nasimama hapa nikiwa bado nimechanganyikiwa. Nimewaona wengi wakishuhudia mahali hapa, na mambo yao yamenyooka: jana walikuwa vile, leo wako hivi. Yangu hayajanyooka yote. Nilimwambia Mchungaji hivyo, nikidhani ataniambia nisubiri kwanza. Akasema, njoo nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo mkiniona naenda mbele halafu narudi nyuma, nivumilieni, ndugu zangu.

Nilizaliwa Rangwi kwa wazazi Wakatoliki, nikaletwa huku na ndoa. Zakayo ni mkulima wa karoti na kabichi, mtu mpole, wa maneno machache. Tuliishi vizuri. Mwaka wa kwanza watu walinitazama wakitabasamu. Mwaka wa pili tabasamu likabaki, lakini na swali ndani yake. Baadaye swali lenyewe wakaacha kuuliza, wakawa wanaulizana wao kwa wao.

Mnajua kwetu mke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Wifi yangu Ester ni Mama Daudi. Mimi sikuwa mama wa mtu, na kuniita jina langu tupu waliona si heshima, basi nyumba nzima ikaendelea kuniita Bibi Harusi. Miaka tisa, ndugu zangu! Bibi harusi ana magaga miguuni kwa kulima, bibi harusi ana mvi, lakini ni bibi harusi tu! Watoto wa Ester walidhani ndilo jina langu la ubatizo.

Nilihangaika. Nilikwenda hospitali, wakanipima, wakasema kwangu hawaoni tatizo, nije na mume. Mume hakwenda. Nilishuka Magoma kwa mama mmoja wa mizizi, nikanywa vitu vichungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilishuka Muheza kwenye mkutano wa mhubiri mgeni, nikawekewa mikono, nikaanguka, nikaamka, nikapanda basi nikarudi nyumbani na vumbi kwenye kitenge. Kila niliyemwendea alinihakikishia kwamba safari hii ni hakika. Mwezi ukiisha nilikuwa sijui tena nani alisema kweli, au kama mimi ndiye niliyekosea kuamini.

Lakini niwaambie lililoniuma kuliko yote. Ester alipojifungua mtoto wa tatu, nilikuwepo pale nyumbani. Desturi yetu mnaifahamu: mtoto anakaa ndani na mama yake mpaka siku za kumtoa nje zifike, na wanaoingia kule ndani ni wanawake waliokwisha kuzaa. Basi mimi nilichemsha maji, nilipika uji, nilifua nguo za mtoto mtoni, na kila kitu nikakifikisha mlangoni. Mkono unatoka, unapokea, mlango unafungwa. Hakuna aliyenifukuza, nisimsingizie mtu. Wala hakuna aliyeniambia ingia.

Hata mtoto alipotolewa nje, nikikaribia tu, ghafla anaanza kusikia baridi! Kanga inapandishwa mpaka usoni. Jua limewaka, karoti zinanyauka shambani, na mtoto wa Ester anasikia baridi! Waliogopa jicho langu. Wanasema mwanamke asiye na mtoto hutazama kwa hamu, na hamu hiyo inamdhuru mtoto. Na hamu kweli nilikuwa nayo, nyingi mno, kwa hiyo nilishindwa hata kujitetea.

Wakati huo ndipo luninga ilipoingia. Ni miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akawa ananunua na kuuza, na vitu vikaanza kupanda mlima: makochi, redio kubwa kubwa, madishi. Jirani yetu Mama Shufaa, mume wake alikuwa anapeleka mboga Dar es Salaam kwa lori. Siku moja lori likarudi na luninga ya rangi, jenereta, na dishi pana kuliko paa la banda langu la kuku. Mama Shufaa ni Mwislamu, tena mtu wa watu. Kila Alhamisi alasiri alitukaribisha akina mama tuje kutazama, na chai ya tangawizi juu yake.

Kulikuwa na kipindi kutoka nchi za nje. Mama Shufaa alifika kidato cha pili, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mkalimani wetu, na pale alipokwama alijaza kwa akili yake mwenyewe. Alituambia hawa hawaigizi, haya ni maisha yao ya kweli. Ni wanawake wanaotafuta mtoto, na kamera inaingia nyumbani kwao, inakaa nao, inafuatana nao mpaka kwa daktari. Nilidhani anatania. Mtu anaweza kuingiza kamera kwenye jambo kama hilo? Huku kwetu hata mama yako mzazi humwambii!

Siku ile ya kwanza nilikuta mwanamke anajifungua. Walitoa mtoto, bado ana majimaji, anafumba macho, anapiga kelele, na kamera ikamsogelea mpaka uso wake ukajaa kioo kizima. Ndugu zangu, hakuna aliyemfunika! Nilikuwa sijawahi kuona mtoto wa siku hiyo hiyo. Nilimtazama mpaka nikashiba, nikatazama paji la uso, nikatazama midomo, na hakuna mkono uliovuta kanga. Nililia mbele ya wenzangu, chai ikapoa kikombeni. Mama Shufaa alidhani nimeumwa na kitu.

Tangu hapo sikukosa Alhamisi hata moja. Tukampata dada mmoja tuliyempenda wote. Jina lake Mama Shufaa alilitamka tofauti kila wiki, basi sisi tukamwita Dada wa Jiko Jeupe, maana jiko lake lote lilikuwa jeupe, halina moshi wala masizi, na humo ndimo alimokuwa akilia. Alikuwa ametafuta mtoto miaka mingi kama mimi. Mumewe ndiye aliyemchoma sindano za tumbo, na akimaliza anambusu! Jioni ile nilimtazama Zakayo akila makande yake kimya kimya, nikaona bora na mimi ninyamaze.

Sasa kuchanganyikiwa kwangu kulianzia hapo. Kwenye kipindi kile mwanamke analia, kinanda kinalia pamoja naye, tangazo la sabuni linapita, akirudi ana mimba ya kuonekana. Tangazo la mafuta ya kupikia linapita, akirudi amebeba mapacha. Nikawa najiuliza, hivi tangazo langu mimi ni refu kiasi gani? Naenda nyumbani najilaumu. Nawaza labda silii inavyotakiwa, labda sisemi, labda Zakayo hanibusu. Mizizi ya Magoma nikaiona upuuzi, halafu kesho yake nainywa.

Nilimpeleka Dada wa Jiko Jeupe kwenye maombi ya akina mama ya Jumatano. Kiongozi aliniuliza huyu mwenzetu ni wa mtaa gani. Nikasema, ni wa kwenye luninga ya Mama Shufaa. Wengine walicheka, lakini tulimwombea kwelikweli, tukapiga na magoti.

Na akapata! Alipima kwa kijiti, siku zenyewe bado changa, akapiga simu, ndugu wakajaa lile jiko, wakapiga makofi, wakakumbatiana, kila mtu akajua siku ile ile. Sisi kwa Mama Shufaa tulipiga vigelegele mpaka wapita njia wakauliza kuna harusi ya nani.

Na mimi, ndugu zangu, mwezi ule ule sikuziona siku zangu. Nilinyamaza, nikasubiri. Zikazidi kupita. Nikaenda zahanati, muuguzi akanipima, akaniambia, dada, hongera. Nilipotoka nje nilishindwa kukumbuka njia ya kwetu ni ipi.

Huku kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke anajifunga kanga yake kama kawaida, analima, anabeba kuni, mpaka tumbo lenyewe liseme. Mama mkwe anaona, ananyamaza. Mume anaambiwa kwa kuzungukazunguka. Ukiulizwa, unasema ni shibe. Mimi nililijua hilo tangu utoto. Lakini nikawaza: miaka tisa nimekaa kimya nimepata nini? Wale wa luninga wanasema, na wanapata. Na hapa kanisani tunafundishwa kukiri kwa kinywa. Nikayachanganya mafundisho ya kanisa na mambo ya Alhamisi, nikaona yote yanasema jambo moja.

Jumatano nikasimama katikati ya akina mama. Nikasema, Bwana asifiwe, nina mimba! Nikainua na mikono juu, kama nilivyoona wakifanya. Nikasubiri makofi.

Nilisikia kuku wakichakura nje. Mama mmoja alianza kigelegele, akakikatia katikati kama mtu aliyepaliwa. Mama mkwe wangu alikuwa nyuma yangu, akanivuta kitenge taratibu. Akasema, "Kaa chini, mwanangu. Kaa."

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, nisiseme uongo. Zakayo alibeba ndoo ya maji kichwani, njiani, mchana, watu wakimwona! Ester akaanza kuniuliza kama nina hamu ya kula nini. Halafu asubuhi moja nikiwa shambani navuna karoti, tumbo likanikata, nikachuchumaa kwenye tuta. Damu. Nilijua pale pale, kabla hata sijafika nyumbani. Mtoto wangu nilimpoteza kwenye tuta la karoti, na ilikuwa asubuhi nzuri kabisa, ndege wanalia. Nililia mpaka sauti ikaisha.

Basi maneno yakaanza. Alitangaza, ndiyo maana. Wengine wakasema haikuwepo mimba yoyote, alikuwa anaigiza ya kwenye luninga. Na mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza. Kama kutangaza ndiko kunakoua, mbona wale wanatangaza na wanazaa? Kama kunyamaza ndiko kunakolinda, mbona nilinyamaza miaka yote ile? Nilimuuliza Mungu. Nilimuuliza kwa Kiswahili, nikamuuliza na kwa Kishambaa, asije akasema hakuelewa. Sikusikia kitu.

Alhamisi iliyofuata nikajikokota kwa Mama Shufaa. Nilimtaka Dada wa Jiko Jeupe tu. Nilitaka nione anavyoendelea, nipate hata furaha ya kuazima. Kumbe na yeye imetoka! Wakamwonyesha amesimama jikoni kwake, ametupa mgongo, amefungua bomba na maji yanamwagika bure. Kinanda kikalia. Tangazo la sabuni likapita. Nikasubiri arudi. Waliporudi ilikuwa nyumba nyingine, mwanamke mwingine, mume mwingine.

Nikauliza, "Yuko wapi?"

Mama Shufaa akasikiliza kidogo yale maneno ya kipindi, akasema, "Wamemtoa, shoga yangu. Hakufanikiwa. Wameleta wengine."

Wamemtoa! Ndugu zangu, niliona kama mtu amenipiga. Mimi nilitaka kujua kesho yake aliamkaje. Alipika nini? Mumewe alimwambia nini? Zile nguo ndogo alizokwisha kununua aliziweka wapi? Hilo ndilo nililokuwa nalihitaji kuliko mapacha wote waliowahi kutuonyesha, na hapo hapo ndipo walipokatia. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamkasirikia Mama Shufaa ambaye hana kosa lolote.

Jumapili nikaja ibadani, nikakaa pale karibu na dirisha. Watu wakasimama kushuhudia. Nikawatazama mmoja mmoja. Aliyeugua amepona. Aliyetafuta kazi ameipata. Aliyetaka mtoto amemleta mbele, amemvisha soksi. Nikawaza, hata wale wanawake wa kwenye Neno waliolilia watoto, karibu wote mwishoni walipata. Sasa sisi ambao kwetu haikuwa, tunakwenda wapi? Na sisi tumetolewa, wameletwa wengine? Mchungaji, unisamehe, lakini ndivyo nilivyowaza, tena nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo mkononi.

Na kama vile walinisikia, wiki ile ile nikatolewa. Baba mkubwa wa Zakayo, Mzee Yeremia, aliye hapa leo, shikamoo baba, alituma neno kwamba wazee wa ukoo watakaa nyumbani kwetu Jumamosi. Neno lenyewe lilikuwa laini: Bibi Harusi amechoka, aende Rangwi kwa ndugu zake akapumzike. Mnajua mapumziko ya namna hiyo. Nguo zako unazifuata mwenyewe, au unaletewa. Nilimuuliza Zakayo anasemaje. Akatazama kikombe chake cha chai muda mrefu, halafu akatoka kwenda shambani. Nikaanza kukunja vitenge vyangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo Bwana alipoingia, na hakuingia nilipokuwa nimemwekea mlango.

Kabla ya Jumamosi ile, alikuja mama mmoja jikoni kwangu. Simtaji. Ana watoto saba na wajukuu. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua nje ya jiko langu. Nikamwambia, mama, kuni za nini tena? Akasema, "Mzazi huletewa kuni."

Nikamwambia, "Mama, mimi sijazaa."

Akasema, "Umezaa. Hakukaa, lakini umezaa. Mimi nilizaa wawili wa namna hiyo, hakuna aliyeniletea hata kijiti."

Akakaa kwenye kigoda akanieleza. Alikuwa hajamwambia mtu, kwa sababu mimba haitangazwi, na isiyotangazwa ikitoka nayo haitangazwi. Unaamka, unafagia uwanja, unakwenda kulima. Alisema, "Wewe ulisimama ukasema, ndiyo maana tumejua pa kuleta kuni." Sikujua kama ananisifu au ananilaumu. Mpaka leo sijui vizuri.

Kesho yake akaja mwingine. Akaja mwingine tena, na mkungu wa ndizi. Mama Shufaa naye akaja na kuni, amevaa baibui lake zuri, kuni zimemchafua begani. Nilimwona Mama Shufaa kila wiki, namdhani hajui shida, kumbe naye alipoteza watatu! Wote walikuja peke yao, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Nilikuwa nakaa miongoni mwa wanawake hawa miaka yote, tunapalilia pamoja, tunaimba pamoja, na kila mmoja amefungiwa kwenye chumba chake. Nililia na kila mmoja, na kila mmoja akitoka niliendelea kukunja vitenge, maana Jumamosi ilikuwa palepale.

Jumamosi wazee wakaja. Wakakaa uwanjani kwenye mabenchi, Zakayo pembeni, mimi mlangoni pa jiko na mzigo wangu umefungwa. Mzee Yeremia alipotaka kuanza kusema, akaliona lile lundo. Kuni zimepangwa mpaka chini ya dirisha. Ndizi juu yake. Akatazama, akawatazama wenzake. Akauliza, "Nani amezaa hapa?"

Ester akainamisha kichwa. Mimi nikatamani ardhi ipasuke, nikaona sasa nitaambiwa ninajifanya mzazi kwa kuni za kuokota.

Ndipo Mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba. Miguu yake inamsumbua, mnajua, lakini alikuwa na mzigo wa kuni kichwani, amekata mwenyewe. Akaupitisha mbele ya wazee wote, akautua juu ya zile nyingine. Akasema kwa Kishambaa, nami nawapa kwa Kiswahili: "Amezaa mkwe wangu. Na mimi kabla ya Zakayo nilizaa watatu. Wako pale migombani, nawapita kila siku nikienda kuchota maji. Yeremia, uliniona napita. Ndugu yako alinirudisha kwetu?"

Mzee Yeremia alikuwa hajui. Nilimwona usoni kwamba hajui. Alivua kofia.

Mama mkwe hakumpa nafasi. Akasema, "Mzazi haondolewi nyumbani kabla hajatolewa nje na mama mkwe. Ndiyo desturi yetu au mmeibadilisha?" Wazee wakatazamana. Desturi ni hiyo, hakuna awezaye kuikataa. Mzee Yeremia akauliza, kwa heshima kabisa, atatolewa nje lini? Mama mkwe akasema, "Nikitaka."

Ndugu zangu, mpaka leo hajataka! Kwa desturi mimi bado niko ndani! Nikienda shambani, nikija kanisani, nikienda sokoni Lushoto, yeye anasema hizo ni safari fupi tu, mzazi ananyoosha miguu.

Na Zakayo akasema. Alisimama akasema, "Haendi." Ni neno moja, lakini kwa Zakayo hiyo ni hotuba. Baadaye, tulipokuwa wawili, aliniambia kwamba ile asubuhi ya karoti alirudi pale kwenye tuta peke yake, akakaa. Alikuwa hajui atamwambia nani. Tukalia wote wawili, na hakukuwa na kinanda. Hospitali tumekwenda naye sasa. Waliyotuambia ni yetu.

Jumatatu yake Ester alikuja jikoni kwangu amembeba mtoto, hana kanga usoni wala kofia. Akasema, "Wifi, nishikie, nikachote maji." Akaenda zake bila kugeuka. Nilimshika yule mtoto, akanishika kidole, akanikojolea kitenge. Nilimtazama kwa hamu yangu yote, na hakuumwa, ndugu zangu! Kesho yake alikuwa mzima, amechangamka, anapiga kelele kama kawaida yake!

Basi mtaniuliza, Yunisi, umefunguliwa kutoka wapi? Nami nawaambia sielewi yote. Mtoto sikupata, na bado namtaka, na usiku mwingine uchungu unarudi kama ule wa shambani. Sijui kwa nini mmoja anapewa na mwingine hapewi. Waliosema wanajua waliniongoza kwenye mizizi na mianguko. Lakini nilikuwa naogopa kwamba ambaye haikuwa kwake anatolewa, na kwamba Mungu naye anapogeuza uso wake kwenda nyumba nyingine, ndiyo imekwisha. Hofu hiyo Bwana amenitoa! Asifiwe! Alikuwa anakaa na akina mama hawa wote asubuhi ile ya kesho yake, ile ambayo hakuna anayeionyesha. Aliwajua wale wa migombani. Alikuwa anapita nao kuchota maji.

Dada wa Jiko Jeupe namwombea hadi leo. Alhamisi bado tunatazama, chai ya Mama Shufaa ni ile ile, na kila wanapomtoa mmoja kwenye kile kipindi, tunazima sauti kidogo, tunamwombea huyo, na Mama Shufaa anaomba kwa namna ya kwao. Mtu akiona hili ni jambo la kipumbavu, sawa. Sisi tumeamua hivyo.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mlioniletea kuni, mnajijua. Mama mkwe, asante, sina neno jingine. Na wewe unayesubiri, mtumaini Bwana leo, usingoje kwanza upewe ndipo uje. Njoo mikono mitupu. Mimi nimekuja mitupu, na mmenivumilia mpaka hapa.

Nina ombi moja kabla sijakaa. Mchungaji, naomba ruhusa. Nilitaka wale ambao kwao haikukaa, na hawakuletewa kuni, wasimame tu pale walipo. Msiseme kitu. Simameni tu, tuwaone.

Mama mkwe, asante. Ester? Ee, wifi yangu, hukuniambia. Na huyu wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Na bibi kule nyuma, mshikeni mkono, magoti hayo. Ndugu zangu, mbona ni wengi hivi? Mimi nilidhani labda watano. Na akina baba? Karibu, baba, na wewe pia alikuwa wako.

Mchungaji, usinitazame mimi. Tazama benchi la mbele. Mama Mchungaji amesimama.